Vitabu vya Wavinya, Mbuzi wa Haron

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko Kangemi, Nairobi, juu ya duka la dawa za mifugo, na nitakwambia jambo moja kuhusu kazi hii: ukitaka kumjua mtu, mshike kichwa kuanzia asubuhi hadi jua lipoe. Wengine husinzia. Wengine huwasema majirani hadi unajua sufuria ya nani imetoboka. Wavinya, binti ya mama yangu mkubwa, yeye husimulia vitabu. Nimemsuka tangu tukiwa wasichana kwao Woodley, kwenye ngazi za ile nyumba ya kaunsili, na sijawahi kumaliza kichwa chake bila kusikia habari za falme nzima.

Mimi mwenyewe sisomi, napenda sinema. Lakini wasichana wa vitabu vya Wavinya nawajua kama wateja wangu. Ni vile vitabu vya vijana, vyenye laana na majoka na majumba ya barafu, na humo ndani kuna msichana mdogo mwenye akili kuwashinda wazee wote wa baraza. Wavinya ana miaka thelathini na sita. Hupima watu macho kwenye kliniki moja Parklands, huvaa koti jeupe, na wagonjwa humwita daktari. Halafu Jumamosi mchana unamkuta katikati ya mji, ameinama kando ya barabara juu ya vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kwenye nailoni, anabishana na muuzaji eti kwa nini hana sehemu ya tatu.

Hakuwa mtu wa kuridhishwa kirahisi. Shujaa wa upanga hakumtaka. Alisema upanga hata kichaa anaweza kuushika. Alitaka msichana anayefikiri, anayeusoma mkataba wa mfalme hadi mstari wa mwisho na kuona mahali ambapo mfalme mwenyewe alisinzia. Akimpata wa namna hiyo alifurahi hadi kichwa kikawa hakitulii mikononi mwangu. Shida ilikuwa katikati ya kitabu. Hapo ndipo huja kijana mwenye macho ya majonzi, nami nilijua amefika kwa jinsi shingo ya Wavinya ilivyokaza. Msichana aliyewazidi majenerali ujanja sasa anasahau hata jina lake. Anampa kijana siri zote, na ukiuliza kwa nini, eti moyo.

Kulikuwa na mmoja, Tamsira, binti ya fundi wa makufuli, aliyefungua gereza la mfalme kwa kipini cha nywele. Wavinya alimpenda huyo kama mdogo wake wa kuzaliwa. Alipofika pale ambapo Tamsira anamwamini mwana wa mfalme aliyekwisha kumdanganya waziwazi, alikirusha kitabu hadi kikagonga drai iliyokuwa ikimkausha mteja wangu nywele. Hasira yake ilikuwa ya kweli, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

“Amemshika na uongo, Annah,” aliniambia. “Akili anayo. Mbona anaiweka kando?”

Nikamjibu kwamba mtu akipenda ndivyo alivyo, na kwamba ageuze kichwa nimalizie upande wa kushoto. Aligeuza, lakini kugeuza kichwa kwa Wavinya si kukubali.

Nyumbani kwao walikuwa wamechoka. Mama mkubwa, Mwongeli, alisema hadharani kwamba hizo hadithi ndizo zinazowafukuza wanaume, kwa kuwa hakuna mwanamume anayetaka kusahihishwa kama mtihani. Baba yake, mzee Muthama, aliyestaafu idara ya maji, alimtetea kidogo kidogo, kwa sauti ambayo mkewe hangesikia. Wavinya aliendelea kununua. Vitabu vilijaa chini ya kitanda, vikajaa juu ya meza, vikaanza kupanda ukutani.

Kisha akaja Haron Waithaka. Alikuja kliniki kupimwa macho, akarudi kuchukua miwani, akarudi kusema miwani inambana pua, na safari iliyofuata hakuwa na sababu yoyote ila kusimama pale akitabasamu. Ni mtu wa Mountain View, si Mkamba kama sisi, wa familia ya zamani yenye nyumba za kupangisha. Yeye hufanya kazi ya bima mjini. Mpole ajabu. Hapandishi sauti hata akikanyagwa. Siku moja Wavinya akiwa kwenye kiti changu, Haron alikaa kwenye benchi la wateja na kukisoma kitabu cha Wavinya hadi mwisho, miwani mpya puani, akiuliza maswali ya maana: mbona malkia hakumwita mganga mapema, mbona huyu dada hakuondoka na farasi. Wateja walikuwa wanamtazama kama mchezo wa televisheni. Hata mimi nilimpenda, kwa niaba ya ukoo.

Kitu kimoja niliona, na nilikichukulia mzaha. Haron hakuweza kumkatalia mtu aliye mbele yake. Mama yake alipotaka mapazia ya kijani kwa nyumba yao ya ndoa waliyokuwa wakiiandaa, alisema ya kijani ni mazuri. Jioni Wavinya akataka meupe, Haron akasema meupe ndiyo hasa. Yakashonwa ya aina mbili, na siku ya kuamua, Haron akatoroka akaenda kununua misumari. Tulicheka sana. Watu walisema huyo ni mtu wa amani, nami nikasema vivyo hivyo, nikiwa na kipande cha keki yake mdomoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kiwanja cha familia yao, plot yenye wapangaji wengine. Mama mkubwa alisema vinavyotangulia kuhamishwa ni vyombo vya jikoni. Wavinya akatanguliza vitabu, kartoni baada ya kartoni, nami nikibeba huku nikilalamika. Kwake yeye, kupeleka vitabu ndiko kulikuwa kuolewa. Yaliyobaki ni sherehe za watu wazima. Pasaka ilipopita alimuuliza Haron kama vimepata rafu. Haron akasema bado, viko juu ya kabati, amevifunika na shuka visipate vumbi. Baada ya muda akamuuliza tena, kwa simu, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu na sauti ikiwa wazi. Viko salama, mpenzi. Juu ya kabati. Shuka ya bluu.

Basi ikafika siku ya ntheo. Kwa asiyetujua sisi Wakamba: mwanamume anaweza kukaa na binti yako miaka nenda miaka rudi, mkapata hata wajukuu, lakini kama hajaleta mbuzi wa ntheo, huyo si mkewe. Mbuzi wakishapokelewa na mmoja akachinjwa, yamekwisha. Ni mke wa mtu, hata kama kanisani hawajakanyaga. Na kabla hawajapokelewa, msichana huulizwa mbele ya watu wote kama anakubali. Siku hizi wengi huliona swali hilo kama pambo. Msichana hutazama chini, husema ndiyo, vigelegele vinapigwa na kisu kinanolewa. Sijawahi kuona mtu akilijibu kama swali.

Mzee Muthama alikuwa anasumbuliwa na magoti na safari ya kwetu Makueni hangeiweza, kwa hiyo hema likapigwa pale pale Woodley, uani. Wageni walichelewa, wakaimba nje ya geti, wakaimbiwa, wakabishana na kinamama hadi wakaingia. Mbuzi waliachwa wamefungwa nje kwenye nguzo ya geti, maana hawaingii kabla ya neno la msichana. Mimi nilikuwa chumbani namalizia nywele za Wavinya. Alikuwa anacheka. Nataka ujue hilo, kwamba alikuwa anacheka na mguu unamtikisika kwa furaha.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja aliyekuwa akitafuta choo. Alikuwa shangazi Wamucii, dada mkubwa wa marehemu baba yake Haron, kiongozi wa maombi kanisani kwao. Hakupaswa kumwona msichana kabla ya wakati, na alilijua, lakini badala ya kurudi nyuma alicheka akamkumbatia Wavinya. Hakuwa na ubaya usoni. Alisema amemwombea sana na sasa nyumba ni safi, aingie kwa amani.

“Safi aje, auntie?” Wavinya akauliza.

“Si zile vitabu. Mimi nilifungua kartoni nikaona msichana amesimama na moto inatoka kwa mkono. Ingine mwanamke amezungukwa na kunguru. Nikasema hapana, huyu ni msichana mzuri, na ni Mkamba, watu wa plot wakiona watasema nini? Tulizichoma huko nyuma, tukaomba. Haron ndiye alitutolea kartoni.”

“Lini?”

“Kitambo, mami. Kabla ya Pasaka.”

Akampapasa shavu, akauliza choo ni upande gani. Nilimwonyesha kwa kidole.

Sisi utani wa Wakamba na uchawi tumeuzoea. Mkamba akiibiwa simu Nairobi hii, utasikia mwizi akishauriwa airudishe haraka kabla hajaanza kula nyasi. Hata sisi wenyewe huutumia utani huo simu zikipotea. Lakini kuchoma vitabu vya mtu mzima nyuma ya nyumba yake mwenyewe, ukifikiri unamwokoa na watu watakaomwita mchawi, hilo lilinipandisha damu hadi masikioni. Na bado halikuwa ndilo lililomgeuza Wavinya rangi. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa anafikiria ile shuka ya bluu.

Nikachukua simu nimpigie Haron. Wavinya alinishika mkono.

“Wacha,” akasema. “Nikimpigia sasa ataomba msamaha. Hata atalia. Haron huambia mtu chenye huyo mtu anataka kusikia, na saa hii mimi ndio nitakuwa kwa simu. Nataka kumwona akiwa katikati. Mimi huku, watu wake huku.”

“Na akisema ukweli?”

“Akisema ukweli nitaolewa leo, Annah. Vitabu nitanunua zingine.”

Nilimwona hasemi hivyo kujifariji. Alikuwa amepima na kuamua, kama anavyobadilisha vioo mbele ya jicho la mgonjwa, hiki au hiki. Nilianza kumwombea Haron, mimi ambaye dakika chache nyuma nilitaka kumtukana, nikamwomba Mungu ampe yule mtu uti wa mgongo kwa mchana mmoja tu.

Mama mkubwa akaingia, kitenge kipya, kilemba kirefu, jasho la furaha usoni. Akamtazama bintiye na kusema huo ni woga wa kawaida, hata yeye siku yake alitapika. Alimrekebishia leso mabegani, akasimama akimwangalia. Mwanamke huyo alikuwa amevumilia maswali ya kina mama wa kanisa kwa miaka, mwanao ataolewa lini, na leo alikuwa amewaalika wote. Wavinya alimshika mkono akaubusu. Hakumwambia kitu.

Tukatolewa nje tukiwa wasichana kadhaa wa ukoo, tumefunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, ili Haron amtafute wake kati yetu. Akikosea hutozwa faini na kuchekwa hadi azeeke. Ndani ya leso yangu nilisikia viatu vyake vikipita polepole. Watu walikuwa wanampigia kelele za kumchanganya. Hakunikaribia hata mimi niliyevaa viatu vya Wavinya makusudi. Alikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa mstari, akasimama, akasema ni huyu, kwa sababu ndiye anayesimama akiegemea mguu mmoja. Leso ikafunuliwa na alikuwa yeye.

Vigelegele vilipasua hema. Nilitoa leso yangu nikamwona Wavinya akimtazama, na uso wake ulikuwa umelegea kwa mapenzi. Ndiyo, alimjua. Alimjua hadi namna anavyosimama. Nilianza kufikiri kwamba pengine inatosha, kwamba ingekuwa ni mimi ningesema ndiyo hapo hapo na kisha nimchape na mwiko tukifika nyumbani.

Walisimamishwa katikati, yeye upande wetu, Haron upande wa wageni. Mjomba Kitheka, msemaji wetu, akainuka na fimbo yake. Ni mtu anayependa mikutano. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo, akazungumzia mvua na barabara, kisha akamgeukia Wavinya.

Akamuuliza kama anawajua wageni hawa. Wavinya akasema anawajua. Watu wakapiga makofi. Akamwambia wageni wamekuja na mbuzi, wako getini. Je, wafunguliwe waingie?

Wavinya akasema kwamba kabla hajajibu ana swali moja kwa Haron. Watu wakacheka, kwa sababu kwetu wasichana hupenda kutania hapo, kudai viatu, kudai simu mpya. Msemaji wa wageni akasema kwa furaha aulize, mfuko uko wazi.

“Haron,” akasema, “vitabu zangu ziko wapi?”

Kicheko kikaongezeka. Mtu mmoja nyuma alisema huyu dada ni wa kusoma kweli. Haron naye alikuwa anacheka, kisha nikaona kicheko kikimwishia. Alimtazama shangazi yake aliyekaa mstari wa mbele, mkoba magotini. Akamtazama msemaji wao, na mama yake, na watu wa bima waliokuja na mashati ya kufanana. Mikono yangu ilikuwa imekunja leso hadi inauma. Nilikuwa nasema kimya, sema, sema tu, sema.

“Ziko nyumbani, mpenzi,” akasema. “Juu ya kabati.”

Watu wakapiga makofi. Shangazi Wamucii hakupiga. Alikuwa ameinua kichwa na kumtazama mpwa wake kwa mshangao.

Wavinya hakusogea. Alimpa nafasi nyingine, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama mtu anayemshika mtoto mkono kumvusha barabara.

“Uliziona lini mara ya mwisho?”

“Asubuhi hii,” Haron akasema. “Nikitoka.”

Sasa watu walianza kuhisi kuna jambo. Shangazi Wamucii akainuka, akishikilia kiti kwa sababu ya mgongo.

“Haron, usidanganye msichana wa watu,” akasema. “Tulizichoma. Mimi nilizichoma. Nimemwambia leo, na sikujua ulikuwa umemficha.”

Minong'ono ikapita kutoka kiti hadi kiti. Wavinya alimgeukia yule mama, na nilidhani sasa atamlipukia. Nilikuwa tayari kusaidia.

“Auntie, ulikosea sana,” akamwambia. “Lakini na wewe ningeishi. Tungegombana kila siku, na ningeishi na wewe.”

Haron akamkaribia, akasema kwa sauti ya chini kwamba haya ni mambo ya kuongea wakiwa wawili.

“Tukiwa wawili niliuliza,” Wavinya akasema.

Kisha akamwambia mjomba Kitheka, kwa heshima, kwamba mbuzi wasiingie. Mjomba aliinamisha sikio kama aliyesikia vibaya, akamwomba afikirie, akamkumbusha umri wake mbele ya watu wote, jambo ambalo sijamsamehe. Wavinya akarudia maneno yale yale. Nilitazama miguu yake chini ya gauni, na sasa alikuwa amesimama juu ya yote miwili.

Wanaume wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Msemaji wa wageni alisema hajawahi kudharauliwa namna hii. Mmoja wetu akamjibu na sitaandika alivyomjibu. Mzee Muthama alikuwa anajaribu kuinuka, magoti yanamkatalia. Katikati ya ghasia hiyo mama mkubwa akatokea jikoni, mwiko bado mkononi, watu wakimpisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kilichotokea. Alikuwa amesikia yote kutoka kwenye moto.

“Kwa sababu ya vitabu za watoto?” akamuuliza bintiye.

“Mwaitu, mama yangu, si vitabu. Nimemuuliza mara mbili, na watu wote wakisikia.”

Nilimwogopa mama mkubwa sana saa hiyo. Nilijua kwamba akilia, akipiga magoti, akitaja tu aibu ya mbele ya wale kina mama wa kanisa, Wavinya angevunjika na kusema ndiyo. Wavinya naye alilijua. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

Lakini mama mkubwa alimgeukia Haron. Nadhani alitaka kumwokoa. Alimwita mwanangu, akamwambia aseme tu kilichotokea, watu wazima hukosea, kitu hiki kinaweza kutengenezwa kabla chakula hakijapoa. Akamuuliza kama alijua vitabu vinachomwa.

Haron alimtazama mama huyo aliyesimama mbele yake na mwiko, akaona anachotaka kusikia.

“Hapana, mum,” akasema. “Mimi sikujua. Ni auntie na watu wake wa maombi.”

Shangazi Wamucii alikaa chini polepole. Alifungua mkoba wake, akaufunga, akatazama mikono yake, na uso wake ukawa wa mtu mzee sana, mzee kuliko alivyokuwa alipoingia chumbani kutafuta choo. Mama mkubwa alikuwa anamwangalia yeye, hakuwa anamwangalia Haron tena. Wanawake hao wawili walikuwa wa umri mmoja.

Mama mkubwa akanipa mwiko niushike. Akatoka nje ya hema, akapita katikati ya wanaume waliokuwa bado wanabishana, akaenda hadi getini. Alipiga magoti na kitenge chake kipya kwenye vumbi, akafungua fundo moja baada ya jingine, kwa subira, kwa sababu yalikuwa yamekazwa na mbuzi waliovuta tangu mchana. Wanaume waligeuka mmoja mmoja kumtazama. Akarudi akiwakokota mbuzi hao, akamtafuta msemaji wa wageni, akamwekea kamba mkononi.

“Chakula iko tayari, mtakula mshibe, hakuna mtu anatoka kwangu na njaa,” akasema. “Lakini hawa mtaenda nao. Wana kiu, muwape maji kabla ya barabara.”

Wavinya hakuwa ametoa hata chozi moja mchana ule wote. Alipomwona mama yake akipangusa mikono kwenye kitenge, alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la ntheo, mbele ya wageni na watu wa kanisa, akalia kwa sauti ya kumkata mtu maini. Haron alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, miwani mkononi, na hakuja, wala hakuondoka. Wavinya alimpenda yule mtu, na kila aliyesikia kilio kile alijua. Nilikaa chini kando yake na mwiko wangu, nikamshika kichwa.